Jiko Lisilowaka Ila kwa Kupepewa

Kuna vitu viwili ambavyo Bi Nana hakuwahi kuviamini maishani mwake: mlango uliofungwa mchana, na mtu anayelitazama jiko lisilo na chungu juu yake. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba, Ramadhani ikiwa changa, mjukuu wake Shifa, mtoto wa bintiye, alimletea vyote viwili nyumbani kwake Kibokoni, Mji wa Kale.

Tuanze na mlango. Shifa alirudi kutoka Ubelgiji mwezi wa Shaabani na mikoba miwili, mmoja wa nguo na mmoja wa makaratasi. Wa nguo aliufungua siku ile ile, akagawa leso na manukato kwa jamaa. Wa makaratasi aliupandisha chumba cha juu, na kila baada ya sala ya adhuhuri alikuwa akijifungia nao. Ukisimama kwenye ngazi ulisikia kalkuleta ikilia pi, pi, pi, kisha kimya kirefu, kisha pi tena. Bi Nana alijuaje? Alikuwa akifagia. Ngazi zile zilifagiwa zaidi mwezi ule kuliko zilivyowahi kufagiwa tangu nyumba ijengwe.

Siku moja mlango uliachwa wazi kidogo, naye akachungulia. Karatasi zilitandazwa kitandani, na kila karatasi ina mstari mmoja: unaanza juu, unateremka, unalala chini. Nyingine vivyo hivyo. Bi Nana alisoma mpaka darasa la saba, na mwalimu wake aliwafundisha kuchora nyumba, mnazi na jua. Mistari ya kufa namna ile hakufundishwa. Alishuka na ufagio wake, moyo mzito.

Mji wa Kale nao ulikwisha kuamua. Kwenye arusi moja mwezi wa Shaabani mtu alimuuliza Shifa, unasomea nini huko baridini? Msichana wa watu akajibu kweli: vinu vya atomiki. Neno lile atomiki lilipofika pembe ya mtaa lilikuwa limeshakuwa bomu. Lilipofika Ndia Kuu lilikuwa limeshapata mnunuzi.

Hayo yangekuwa porojo tu, lau si Aidarus. Huyu alikuwa ami yake Shifa, ndugu wa marehemu baba yake, na ndiye aliyesimama mahali pa baba. Ana duka la udi na manukato, na mbele ya duka pana baraza lake la saruji ambalo kila apitaye hulisalimu. Mtu wa dini, mtu wa haki, asiyepunja hata tone la mafuta ya attar. Alipoyasikia maneno alikuja kwa Bi Nana, akanywa maji, akasema kwa upole:

"Lisemwalo lipo, Bi Nana, na kama halipo li njiani. Pasi ya kusafiria ya Shifa nitaiweka mimi kwenye sanduku langu. Baada ya Idd ndiyo safari yake. Maneno yakizima kabla ya hapo, nitampa kwa mkono wangu. Yasipozima, hatoki. Sitaki nije nimpoteze binti wa ndugu yangu kwa jambo ambalo mji mzima ulinionya."

Shifa aliitoa pasi bila kuteta. Huko alikokuwa walimwambia wazi kwamba asiporudi kwa wakati, nafasi yake atapewa mwingine, na miaka yake minne itakuwa imekwenda na maji. Angeweza kuzunguka ofisini akatafuta pasi nyingine, lakini kuondoka bila radhi ya ami yake hakutaka. Akapanda juu, akafunga mlango, pi, pi, pi.

Sasa jiko. Alasiri moja Bi Nana alitoka uani kukanda unga wa kaimati za kufuturia, akamkuta Shifa amechutama mbele ya jiko la makaa. Makaa yenyewe kayanyunyizia maji. Alishika upepeo wa ukindu, akayapepea kwa nguvu mpaka yakapata wekundu, halafu ghafla akaacha. Akainua saa ya mkononi. Akayatazama yanavyofifia mpaka yakawa meusi. Kisha akaanza tena.

"Shifa."

"Labeka, nyanya."

"Unapika nini?"

"Sipiki kitu."

"Hilo ndilo linalonitisha." Bi Nana akavuta kibao cha mbuzi, akakalia. "Sikiza mwanangu. Mimi nimefunga, na wewe umefunga. Usinifunguze kwa uongo. Bomu unalitengeneza au hulitengenezi?"

Shifa hakucheka. Alikuwa na tabia ya mama yake, ya kupokea swali lote kwanza kabla ya kulijibu.

"Nyanya, wewe hupenda vitendawili. Kitendawili."

"Tega."

"Nina jiko langu. Nikilipepea huwaka, nikiacha hulala. Na siku litakapowaka bila upepeo, nitalikimbia."

Bi Nana aliwaza. Alifikiria homa, alifikiria mume wa jirani, akaona vyote havikai. "Basi, mji nakupa. Twaa Liwatoni na samaki wake wote."

"Liwatoni nimeipokea," Shifa akasema, na kwa mara ya kwanza tangu pasi ichukuliwe akatabasamu. "Ndicho kinu chetu. Vile vinu vingine vya atomiki huwaka vyenyewe, kazi ya watu ni kuvizuia visizidi. Ndani mna vichembe vidogo, huitwa nyutroni. Kimoja hupasua punje ya urani, vikatoka vingine, navyo vikapasua. Kila kimoja kikizaa kimoja, moto haufi. Kikizaa zaidi, ni balaa. Sisi chetu tunakipunguza makusudi: kila kimoja kizae moja kasorobo. Ukoo wa moja kasorobo huishaje?"

"Hufifia. Kama ukoo wa bibi Mwanaisha, kila kizazi kidogo kuliko kilichopita."

"Ndiyo hivyo. Kwa hiyo pana mashine pembeni, inarusha chembe kwa kasi kubwa, inaleta nyutroni mpya kila mara. Hiyo ndiyo upepeo. Ukiizima mashine, kinu kinalala chenyewe. Hakuna bomu linalolala, nyanya."

"Na wewe? Kazi yako ni kupepea?"

"Kazi yangu ni kushuku." Akaligonga jiko kwa kidole. "Wenye kinu wanasema kiko mbali na kuwaka chenyewe. Mimi siwaamini. Lazima nipime kiko mbali kiasi gani, na ndani hakuingiliki. Na mwanga wake hauniambii kitu. Jiko laweza kung'aa kwa kuwa liko karibu kuwaka lenyewe, laweza kung'aa kwa kuwa anayepepea ana mkono mzito. Ukitazama wekundu tu hutajua ni lipi. Basi tunapiga pepeo moja, tunaacha, tunatazama linavyozima. Likizima upesi, liko mbali na hatari. Likikawia, ukae chonjo. Ile mistari yangu kule juu ndiyo kuzima kwenyewe."

"Mistari ipi?" akauliza Bi Nana, kama mtu asiyezijua ngazi.

"Ile uliyoichungulia ukifagia."

Bi Nana akaugeukia unga wake. Hakuwa ameamini yote. Maneno matamu amewahi kuyasikia kwa watu wengi, na baadhi yao walikuwa wezi. Lakini lile la mkono mzito lilimkaa kifuani. Usiku akila daku alikuwa bado analitafuna pamoja na wali.

Kesho yake alianza ushushushu wake. Kila alasiri aliuza kaimati mlangoni, na hakuna mwanamke wa mtaa asiyesimama pale. Chini ya meza akaweka vibakuli viwili, kimoja kimejaa kokwa za tende na kimoja kitupu. Mnunuzi akiuliza habari za Shifa na bomu lake, iwe kwa kuzunguka au moja kwa moja, Bi Nana alihamisha kokwa moja. Jioni kile kitupu kilikuwa kimeshajaa, kokwa nyingine zimemwagika sakafuni.

"Mji umeoza," akamwambia Shifa.

"Au kuna mwenye mkono mzito," Shifa akajibu. "Hapo ulipo, nyanya, unaona wekundu tu."

Basi ni nani? Bi Nana alimshuku Ketty kwanza, na wewe ungemshuku. Ketty alikuwa fundi cherehani wa mkabala, mtu wa Taita, mwanamke mwema lakini mdomo wake haujui Jumapili. Cherehani yake ilitazama mlango wa Bi Nana kama mtutu wa bunduki ya askari. Alikuwa akiuliza waziwazi:

"Bi Nana, hizi kaimati hazina baruti? Maana jana tumbo lilipiga."

"Hilo tumbo lako lilipiga kwa sababu ulikula za watu watatu."

Mara Ketty akapata msiba kwao, akafunga cherehani, akaenda Voi matangani. Bi Nana alimpa pole ya kweli na nauli kidogo, na alipokwisha kugeuka mgongo akasogeza vibakuli vyake karibu. Sasa tutaona. Siku ya kwanza kibakuli kikajaa. Ya pili kikajaa. Juma zima Ketty hayupo na kokwa zinamwagika kama kawaida. Bi Nana akamwomba Ketty msamaha moyoni, kidogo, si wote.

Akamgeukia Zein, muuza kahawa, ambaye hupita mitaa yote akigonganisha vikombe na kubeba habari pamoja na buli. Mungu naye akamletea Zein mafua yaliyomkausha sauti hata salamu akawa anapokea kwa kichwa. Kibakuli kikajaa vile vile. Bi Nana akaanza kumshuku kila mtu: Mama Saif ambaye posa ya mwanawe kwa Shifa iliwahi kukataliwa, imamu, watoto wa chuo cha Kurani, hata paka aliyekuwa akikaa dirishani kama anayeandika. Usiku alilala akigeuka. Na kulikuwa na saa, tuseme kweli, alizomshuku Shifa tena, akajiuliza kama hadithi ya jiko haikutungwa ili bibi mzee ashughulike na kokwa za tende.

Likaingia kumi la mwisho la Ramadhani. Mzee Aidarus, kama ada yake ya kila mwaka, alifunga duka, akachukua msala na mto, akaingia msikitini kukaa iktikafu. Huko hatoki mpaka mwezi uandame, na neno la dunia halisemi.

Siku ya kwanza ya kumi, kibakuli kilijaa nusu. Siku iliyofuata kokwa zilifunika chini tu. Halafu ikaja alasiri ambapo wanawake walinunua, wakauliza bei ya nazi, wakalalamika joto, wakaenda zao. Bi Nana aliinama mara mbili kutazama kibakuli, asije akawa amehamisha akasahau. Kilikuwa kitupu, kimelambwa.

Hakufurahi. Kimya cha ghafla nacho kilimtia shaka. Alimkamata Mbodze, mama wa Kigiriama aliyekuwa akileta mchicha na mabamia kutoka Marikiti, akitembeza mlango kwa mlango.

"Mbodze, hebu tua kikapu. Ile habari ya mjukuu wangu uliisikia kwa nani?"

"Habari ya bomu?"

"Hiyo hiyo."

Mbodze akajifuta jasho kwa ncha ya leso. "Mimi sikuisikia, niliulizwa. Nilikuwa nampelekea Mzee Aidarus mabamia dukani, akaniambia, Mbodze, wewe waingia nyumba nyingi, watu wanasema nini juu ya binti wa ndugu yangu? Nikamwambia, mzee, sijasikia kitu. Akasema alhamdulillahi. Basi nikaondoka, lakini nikajiuliza, mbona mtu mzima yule anauliza? Lazima kuna kitu. Nikamuuliza mke wa Dzoro. Naye hajui, akaenda kuuliza. Mzee huniuliza kila nikipita. Siku hizi yuko msikitini, na mimi nimesahau."

Bi Nana alimlipa mchicha, akasahau kuuchukua.

Ndiyo ada ya watu wetu, na si ada mbaya. Mtu akiwa na binti mkononi mwake, haamui mpaka aulizie. Huulizia kwa upole, kwa huyu na kwa yule, barazani, baada ya sala. Aidarus alikuwa akitimiza wajibu. Kila siku alikuwa akiuliza kama moto umezima, na kila aliyeulizwa aliondoka na kaa lake.

Alimwambia Shifa juu, chumbani, na safari hii alibisha hodi. Shifa alisikiliza, akafurahi, kisha akakunja uso.

"Kipimo kimoja hakitoshi, nyanya. Ni kumi la mwisho. Watu wanaogopa kusengenya. Huenda wamenyamaza kwa ajili ya Mungu, si kwa ajili ya ami."

"Wewe kumbe una shaka kuliko mimi."

"Ndivyo tulivyofunzwa."

Mwezi ukaandama. Siku ya Idd, baada ya sala na pilau, Aidarus aliketi barazani na kanzu mpya, akapeana mikono na mji mzima, kisha akauuliza mji huo mzima swali lake kwa upole. Kesho yake asubuhi Bi Nana aliuza mahamri na mbaazi. Kabla mbaazi hazijafika nusu ya chungu, kokwa zilikuwa zinamwagika sakafuni. Ketty, aliyerudi kutoka Voi usiku uliotangulia na hajafungua hata mkoba, aliuliza wa kwanza.

Sasa Bi Nana alijua. Lakini kujua na kusema ni vitu viwili. Umwambie Aidarus, mwenye pasi sandukuni, kwamba mwenezi ni yeye? Angekasirika, na akikasirika angeuliza mtaa mzima kama ni kweli.

Alipokuja siku ya tatu kuwatazama, jamaa wakiwa wamejaa sebuleni, Bi Nana alimwekea halua na kahawa, akangoja mpaka ashibe.

"Aidarus, ulikuwa hodari wa vitendawili zamani. Kitendawili."

"Tega, Bi Nana. Leo bado Idd."

"Mlinzi wangu huzunguka nyumba usiku akitafuta moto, na mkononi kashika kijinga cha moto."

Aidarus alishika ndevu. Alisema ni kimulimuli. Siyo. Alisema ni mvuta sigara, watoto wakacheka. Kahawa ikapoa mkononi mwake. "Haya, nimeshindwa. Twaa Marikiti."

"Sina haja ya vitunguu."

"Twaa Ngome ya Yesu na mizinga yake."

"Mizinga? Na haya yanayosemwa juu ya nyumba hii? Hapana. Nitautaja mji niutakao mwenyewe, na wewe ni mtu wa haki. Nataka swali lako. Kuanzia leo mpaka nikuite, ukikaa barazani usimuulize mtu neno lolote juu ya Shifa."

Aidarus alimtazama kwa jicho jembamba. "Kuna jambo hapa."

"Lipo."

"Nitajuaje kama maneno yamezima, nisipouliza?"

"Utakuja kutazama kibakuli changu."

Hakupenda. Lakini mji ukishatolewa hautwaliwi, na watoto wake mwenyewe walikuwa wamekaa pale wanamtazama. Akautoa. Na jibu? Jibu, Bi Nana akasema, atampa siku atakayorudishiwa mji wake.

Siku zile zilikuwa ndefu. Haikuwa Ramadhani tena, ndimi zilikuwa huru, arusi zimefunguka mtaa huu na ule. Shifa alikuwa akishuka kila asubuhi kukitazama kibakuli kabla hajanawa uso, na Bi Nana, ambaye mkono wake ulikuwa juu ya kokwa tayari, aliona kokwa zinapungua jinsi ile mistari ya kitandani ilivyoteremka: kwanza kwa haraka, kisha polepole, kisha chini. Ketty ndiye aliyekuwa wa mwisho. Siku aliyonunua mahamri akaongea juu ya mguu wa mama mkwe wake tu, Bi Nana alimwongeza hamri moja la bure, akaulizwa kama ni mgonjwa.

"Limezima upesi," Shifa akasema. "Mji haujaoza, nyanya. Uko mbali kabisa na kuwaka wenyewe."

"Usiseme kabisa. Kaa chonjo."

Bi Nana akamwita Aidarus. Alikuja baada ya alasiri, akasimama mlangoni, hajavua viatu bado, na kabla ya salamu kukamilika ulimi ukamponyoka:

"Je, Bi Nana? Wanasemaje juu ya binti yetu?"

Bi Nana aliinama, akatoa vibakuli vyote viwili, akaviweka juu ya meza mbele yake, kimoja kimejaa na kimoja kitupu. Akachukua kokwa moja. Akaidondosha kwenye kile kitupu, ikalia ting.

"Hii ya leo," akasema. "Ndiyo ya kwanza tangu juzi."

Aidarus aliitazama kokwa. Aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma mwandiko mdogo. Kisha uso wake ukaanza kubadilika taratibu kutoka kwenye ndevu kwenda juu, na Bi Nana akainamisha macho ili asimwone akifika mwisho.

"Kijinga," akasema Aidarus.

"Kijinga."

"Nami nikijiona mlinzi."

"Mlinzi ulikuwa. Hilo hakuna anayekunyima."

Hakuketi. Aligeuka akaenda zake kwa njia ya nyuma, isiyopita barazani, na kabla ya magharibi alirudi na kitu kilichofungwa kwenye leso nyeupe inayonukia udi. Alimpa Shifa kwa mkono wake, kama alivyosema. Alifungua kinywa amuulize kitu, ikaonekana wazi kwamba anataka kumuuliza, akakifunga. Badala yake akamwombea dua ndefu, na Shifa akamshika mkono akaubusu.

Usiku wa kuamkia safari Bi Nana alisikia kalkuleta juu, pi, pi, pi, kisha kimya. Alijua sasa ni nini. Ni mistari inayoteremka, ni jiko la mbali linalochungwa na mtoto asiyemwamini mtu. Alijua, na akakaa kidogo na ujuzi wake sebuleni. Halafu akachukua ufagio. Ngazi zilikuwa safi. Akazifagia.